Una piasingi na unasafiri kwa ndege? Hivi ndo unapita ukaguzi bila kung'oa kitu

Nianze na jibu maana najua kuna wanaosoma hii begi lishafungwa na teksi iko getini: usitoe. Kipini cha pua, hereni za masikioni hata kama zimepanda hadi juu, cha kitovu, cha ulimi, cha nyusi, mara nyingi sana vinapita bila mtu kukuuliza kitu, na hivyo vichache vitakavyoulizwa unamalizana navyo fasta ukijua cha kusema. Wanaoteseka eapoti sio wenye piasingi nyingi, wanaoteseka ni wale wanaoanza kujivua vitu kwenye foleni, vidole vina jasho, kigololi kinaponyoka kinabingirika chini ya mashine, nyuma watu wanasonya. Kazi yote ya maana inafanyika nyumbani, eapoti unaenda kupita tu.

Kwanza jua unapita kwenye mashine gani

Watu huzichanganya, ushauri wa moja wanaupeleka kwenye nyingine, afu wanashangaa.

Ya kwanza ni ule mlango wa kawaida, fremu unayopita katikati. Huu unatafuta madini tu. Unatoa mawimbi ya sumaku, kitu chochote kinachopitisha umeme kikikatiza pale kinajibu, jibu likizidi kiwango walichoseti mlango unalia. Hapo kwenye kiwango ndo siri yote ilipo, mlango umesetiwa kukamata kisu na bastola sio kipini chenye uzito wa punje mbili za mchele, ndo maana unaweza kupita na masikio yamejaa ukanyamaza, afu anayekufuata na mkanda wake mmoja wa suruali ukapiga kelele. Ila kiwango hakifanani kila mahali, uwanja mmoja wamekaza mwingine wamelegeza, kwa hiyo kupita kimya wakati wa kwenda hakukuhakikishii kimya wakati wa kurudi. Na kwa viwanja vya Ulaya hasa, milango imewekwa ilie yenyewe mara moja moja kwa kuchagua mtu kibahati tu hata kama huna kitu, so mlango ukilia usikimbilie kujishika kitovu, huenda hata sio wewe.

Sasa kuna imani moja imeenea sana, kwamba chukua sumaku ya friji, ukiona haikinasi kipini chako basi mashine nayo haitakiona. Hapana bana. Dhahabu hainaswi na sumaku na mlango unaiona vizuri tu, kinachoangaliwa ni kupitisha umeme na ukubwa wa kitu. Titaniamu na ile stenlesi ya upasuaji hazipitishi umeme vizuri kama dhahabu, fedha au shaba, kwa hiyo kwa saizi ileile titaniamu ndo mpole zaidi, hiyo ni kweli, lakini muuzaji akikwambia "hii mashine haiioni kabisa" anataka pesa yako. Waulize waliowekewa nyonga ya titaniamu hospitalini kama mlango hauwaoni.

Ya pili ni skana ya mwili, kile kibanda unachoingia unasimama kwenye alama za miguu unanyanyua mikono juu. Hii haitafuti chuma, inatafuta kitu chochote kilichokaa juu ya ngozi, kiwe chuma, plastiki, kioo, mbao au tishu uliyoisahau mfukoni. Umeona hapo? Wale mnaobadilisha kipini cha chuma mnaweka cha plastiki ili mashine isione, kwa skana hujafanya kitu. Kwenye kioo cha ofisa panatokea mchoro wa mtu, ni katuni tu inayofanana kwa abiria wote, na kiboksi cha rangi mahali penye kitu. Haoni mwili wako. Zile za zamani zilizokuwa zinaonyesha umbo la mtu kule Marekani ziliondolewa viwanjani mwaka 2013 kwa sababu ya kelele hizohizo za faragha. Na sio eksirei, mawimbi yake yanagonga ngozi yanarudi, kwa hiyo wajawazito msiogope, na cha ulimini ndo cha mwisho kabisa kukusumbua.

Afu kuna kile kifaa cha mkononi wanachokupitishia mwilini. Hiki ndo mbea kuliko wote sababu kinapita karibu sana na ngozi, kitasema hata kifungo cha jinzi. Kama kipini chako kitajulikana mahali, ni hapa.

Hatua ya 1: angalia kidonda kimepona kiasi gani (wiki au miezi kabla)

Hii ndo hatua inayoamua nyingine zote. Tundu jipya halitolewi kitu, full stop. Tundu ambalo halijapona linaweza kuanza kujifunga ndani ya dakika, na ukilazimisha kurudisha unachana kwa ndani unaanza upya na maumivu na pengine usaha juu, yote hayo uko siti ya katikati safari ya usiku.

Muda wa kupona haufanani. Ndewe ya sikio ni kama wiki 6 hadi 8. Ulimi nao unawahi. Pua miezi kama 4 hadi 6. Sehemu ya juu ya sikio, kwenye gegedu, hapo hesabu miezi 6 hadi mwaka hata kama kwa nje panaonekana pamekauka, watu wengi wanadanganyika hapa. Kitovu miezi 6 hadi mwaka, chuchu vilevile au zaidi. Kwa hiyo kama una safari mwezi ujao na unawaza kwenda kutoga kitovu ili upendeze bichi, subiri urudi. Sio sababu ya mashine, mashine haikudhuru, ni ule mkanda wa siti, begi la kukwaruza, jasho, na maji ya baharini uendako.

Hata tundu la miaka halina dhamana. Pua hasa, kuna watu wana kipini tangu shule lakini ukitoa usiku mmoja asubuhi hakipiti. Wewe unajua tundu lako.

Hatua ya 2: gawa vitu vyako, kaa navyo mezani

Usiku kabla ya safari, sio asubuhi. Jiangalie kwenye kioo uamue moja moja.

Vya kubaki: vyote vidogo vilivyokaa ndani ya tundu. Vipini, vile vyenye bapa kwa nyuma, pete ndogo za masikioni, cha kitovu cha kawaida, cha ulimi. Pia kile kinachopandikizwa chini ya ngozi, ambacho juu unaona kito tu, hicho hata ukitaka huwezi kukitoa mwenyewe na ofisa yeyote akikwambia utoe mweleze kwamba kimekaa ndani ya ngozi kinatolewa na mtaalamu.

Vya kutoa: vinavyoning'inia, hereni kubwa za bangili, cheni inayounganisha pua na sikio, bangili, vikuku, cheni nene ya shingo. Hivi sio piasingi, ni mzigo, na ndo vinavyolia. Vaa ukishafika.

Vya kubadilisha: hapa nazungumzia pete zile za kigololi kimoja kinachobanwa katikati, ambazo bila koleo hazifunguki. Kama zipo sehemu nyeti na unaenda nchi ambayo hujui ukaguzi wao, fikiria kwenda kwa aliyekutoga akuwekee yenye skrubu au ya kuchomeka, kwamba ikitokea lazima kabisa, unaifungua kwa vidole. Nenda wiki moja mbili kabla, sio siku ya safari.

Wenye pete ya pua ya katikati, ile ya ng'ombe kama wanavyotutania, kama ni ya umbo la kiatu cha farasi unaigeuza inaingia ndani ya pua, haionekani. Kwa mlango na skana haibadilishi lolote, ila inapunguza macho na maswali ya watu, hasa wakaka. Mwanaume mwenye kipini kwenye viwanja vyetu bado anatazamwa mara mbili, sio sheria, ni macho tu, na macho hayakuzuii kupanda ndege.

Shanga za kiunoni, maana hili mnaniuliza sana inboksi

Nalitenga sababu linawahusu wengi kuliko kitovu, ila watu wanaona aibu kuuliza.

Shanga za kioo au plastiki zilizotungwa kwenye uzi hazilizi mlango. Unapita. Zenye vipande vya madini katikati au kifungio cha chuma zinaweza kulia, na kile kifaa cha mkononi kikipita kiunoni kitasema. Ila kwenye skana ya mwili shanga zote zinaonekana, za kioo, za mbao, hata za mbegu, kwa sababu ni kitu juu ya ngozi, na zikiwa kumi kumi ule mchoro unatoa kiboksi kiunoni.

Usizikate. Kuna dada zetu wanakata shanga walizofungwa na bibi zao kisa safari ya Dubai, yani inauma. Fanya hivi: ofisa wa kike akikukaribia, kabla hajakugusa, mwambie taratibu una shanga kiunoni, chini ya nguo. Viwanja vya kwetu huyo dada anajua shanga ni nini, huenda na yeye anazo, atapapasa juu ya nguo kuzunguka kiuno aone ni duara jembamba la vidude vidogo, basi. Nje huko sema ni shanga, ni za kuvaa, zimefungwa hazitoki. Atapapasa vilevile, akitaka kuona omba chumba, unainua blauzi kidogo anaona, imeisha.

Ndo maana nasema vaa vipande viwili. Sketi na blauzi, suruali na fulana, dera nalo sawa ukiwa na kitu ndani. Ukivaa gauni la kubana la kipande kimoja afu wanataka kuona kiuno au kitovu, inabidi upandishe gauni lote, na hapo ndo panapogeuka aibu kitu ambacho kingechukua nusu dakika.

Hatua ya 3: pakia kwa akili

Vile ulivyotoa weka kwenye kikopo chenye mfuniko wa kuzungusha, cha dawa kinafaa sana, kwa ndani weka pamba visigongane. Kikopo kinaingia ndani ya begi la mkononi, mfuko wenye zipu. Sio begi kubwa linaloenda chini maana likipotea linaondoka na dhahabu yako, na sio kwenye ile treyi ya plastiki. Treyi ina matundu, inapinduka, na mtu wa mbele anaweza kubeba kitu cha kwako akidhani ni chake au akijua kabisa sio chake.

Koleo na plaizi weka begi kubwa. Marekani wanaruhusu vifaa vya mkono vifupi vya hadi inchi 7 kwenye begi la mkononi, lakini wewe ukitoka Dar au Nairobi unapita kwa wakaguzi wengine kabla hujafika huko na wao hawana habari na inchi za Mmarekani.

Maji ya chumvi ya kusafishia kidonda: wengi tunanunua famasi ile chupa ya dripu ya mililita 500 sababu ni rahisi. Hiyo kwenye begi la mkononi wataitupa, kikomo cha vimiminika safari nyingi za kimataifa bado ni mililita 100 kwa chombo, na wanaangalia saizi ya chupa sio kilichobaki ndani. Weka chupa kubwa begi la chini, mkononi beba kichupa kidogo cha kupulizia, cha asilimia 0.9 vilevile. Spiriti usibebe kabisa, wala usipakage kwenye tundu.

Hatua ya 4: toa vile vinavyolia kweli

Ukikaa pembeni ya foleni dakika tano utaona mwenyewe kinacholiza sio kipini. Ni mkanda, funguo, simu, sarafu, pafyumu ya chuma, saa, waya wa sidiria wakati mwingine, vibanio vya nywele, vipete vya dhahabu feki kwenye rasta, na pini za ushungi. Mama mmoja wa heshima anaweza kuwa na pini sita kwenye ushungi, nyingine alishazisahau. Tumia pini chache siku hiyo, au ule ushungi wa kuvaa tu usio na pini.

Nywele nazo, kwa wanaoenda Marekani na Ulaya: rasta nene, bani kubwa, wivingi iliyofungwa juu, skana inaweza kuweka kiboksi kichwani na ofisa akataka kupapasa nywele. Inaudhi, najua. Ukiziachia zishuke badala ya kuzifunga kilimani inapunguza.

Mtoto mwenye vihereni muache navyo, hakuna anayemhangaikia.

Hatua ya 5: uwanjani, mpangilio wenyewe

Kwetu ukaguzi sio mmoja. Uwanja wa Julius Nyerere Dar unakaguliwa mlangoni kabisa kabla hujafika kaunta ya kuchekini, afu tena ukishapita uhamiaji kuelekea geti. Jomo Kenyatta Nairobi unaweza kuanza hata kabla, kule barabarani abiria mkashushwa kwenye gari mkapita kwa miguu kwenye mlango wa ukaguzi huku gari na dereva wake wakikaguliwa pembeni, kisha mlango wa jengo, kisha ndani tena. Kwa hiyo usifanye ujanja wa "natoa hapa narudisha baada ya mlango", utatoa na kurudisha mara mbili tatu, kwa mikono iliyotoka kushika troli. Ukaguzi wa kwanza pia una faida, unakupa picha: ukipita mlango wa kwanza kimya na kila kitu mwilini, hapo ndani nafasi ni nzuri.

Kwenye ule mlango wa fremu, usitangaze. Hakuna sababu ya kuanza kumhesabia ofisa matundu yako wakati mlango haujalia. Weka simu, mkanda, saa kwenye begi, sio treyi, pita kwa mwendo wa kawaida katikati bila kugusa pembeni. Umenyamaza? Chukua begi ondoka.

Kwenye skana au kifaa cha mkononi ni kinyume, sema kabla. Sababu mbili. Ya kwanza, ofisa akikuta kitu kigumu chini ya nguo bila kuambiwa anaanza upya kwa makini zaidi. Ya pili ni maumivu, mtu akikukandamiza kwenye chuchu au kitovu kibichi utaruka, na kuruka mbele ya mkaguzi kunaleta maelezo marefu. Sema ni nini na kiko wapi, onyesha kwa kidole bila kugusa: hereni, kitovuni, bado kidonda. Usicheke cheke wala usitie utani wa bomu, sehemu hiyo haina mcheshi.

Hatua ya 6: mlango ukilia

Rudi nyuma wakikwambia urudi. Milango mingi ya sasa ina taa pembeni zinazoonyesha imelia usawa gani, kichwani, kifuani, kiunoni, miguuni, so ofisa anajua pa kuanzia. Angalia na wewe. Kama taa imewaka miguuni na piasingi yako iko usoni basi ni viatu, vua viatu yaishe.

Kifaa kikilia usoni au masikioni anaona kwa macho anaendelea. Kikilia kifuani au kiunoni au chini zaidi, mwambie ni piasingi. Hapo kuna njia tatu kwa kawaida: akupapase juu ya nguo, umwonyeshe faraghani, au uitoe. Wewe taka ya kwanza, ikishindikana ya pili. Ya tatu ni ya mwisho na kwa kitu kibichi sema wazi kwamba haitoki kwa sababu ni kidonda.

Haki zako zinazofanana karibu kila mahali: anayekupapasa awe wa jinsia yako, na ukiomba chumba cha pembeni upewe. Marekani unaruhusiwa kuingia na mtu wako, na wao wanakuwa maofisa wawili. Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya pia unaweza kukataa skana ya mwili ukaomba upekuliwe kwa mikono, ingawa kwa mwenye piasingi sioni faida yake, maana mikono itazikuta tu.

Kuna kisa kinafaa ukijue. Mwaka 2008 Lubbock, Texas, kifaa kilimlilia mwanamke mmoja, akaeleza ni hereni za chuchu, akaomba amwonyeshe ofisa wa kike, wakakataa wakasema atoe. Moja ikatoka, nyingine ikagoma, akaishia kutumia koleo nyuma ya pazia huku anaumia. Akaenda na wakili mbele ya vyombo vya habari, stori ikazunguka dunia, na TSA, wale wasimamizi wa ukaguzi wa viwanja vya Marekani, wakasema utaratibu ubadilishwe abiria waambiwe wanaweza kuonyesha kwa macho badala ya kutoa. Hadi leo maelezo yao kwa abiria ni kwamba kutoa piasingi faraghani ni mbadala wa kupapaswa, yani unachagua. Kwa hiyo ukikutana na ofisa amekaza kamba, omba msimamizi wa zamu kwa sauti ya chini. Usibishane na aliyekushika, omba mkubwa wake. Wakubwa wengi wanataka foleni isogee.

Kama wakikupaka kitambaa viganjani, hiyo haihusu piasingi, wanapima chembechembe za milipuko, nyoosha mikono tu.

Ukiunganisha ndege

Addis Ababa, Doha, Dubai, wote wanakukagua upya hata kama umetoka kukaguliwa, kwa hiyo vile ulivyovitoa usivivae ndani ya ndege, subiri ufike mwisho. Nchi za Ghuba utakuta wanawake wanapekuliwa ndani ya kibanda chenye pazia na wadada wa ukaguzi, ni rahisi zaidi kuliko kusimama hadharani, ukiwa na shanga au kitovu hapo ndo pa kusema.

Wanaopeleka wagonjwa India jiandaeni, kule kila abiria anapitishiwa kifaa cha mkononi hata kama mlango umenyamaza, wanawake nyuma ya pazia. Lakini kwa kipini cha pua ni nchi ya amani kuliko zote, mkaguzi mwenyewe anaweza kuwa nacho kikubwa kuliko chako.

Hatua ya 7: baada ya kupita

Beba vitu vyako vyote uende kwenye benchi mbali na mkanda, usisimame pale kuvaa. Nawa mikono au paka sanitaiza uache ikauke, ndo ukague skrubu moja moja, hasa ya ulimi na kitovu, maana kupapaswa na kuvuliwa sweta kunalegeza vigololi bila wewe kujua, na cha ulimi kikifunguka ukiwa unakula ndani ya ndege unaweza kukimeza.

Kama ilibidi utoe kitu, kirudishe hapohapo uwanjani kikiwa kimesafishwa kwa ile maji ya chumvi, usisubiri ufike hotelini. Kikigoma usisukume kwa nguvu. Jaribu mara moja taratibu ukiwa umelainisha, ikishindikana acha, kisafishe tundu, tafuta mtogaji unakokwenda siku hiyohiyo, wana vifaa vya kupanua tundu kidogo bila kuchana. Siku ikipita, kwa pua na kwa tundu lolote ambalo halijafikisha mwaka, jiandae kutogwa upya.